Namna mzee anavyojifunza jambo jipya na kulishika

Kazi yangu hapa Moshi ni kuwafundisha wagonjwa wa kisukari, wengi wao wazee, kujidunga insulini wenyewe nyumbani. Mara nyingi mtoto aliyemsindikiza mzazi huniita pembeni na kuniomba nimwelekeze yeye, kwa kuwa umri wa mama umekwenda na hashiki tena kitu. Husema hivyo kwa upendo, lakini sikubaliani naye.

Ni kweli kwamba uzee hupunguza kasi ya ubongo kupokea mambo, na huibana ile kumbukumbu ya muda mfupi inayotuwezesha kushika maelezo kadhaa kwa pamoja. Mzee anayetajiwa hatua zote kwa mfululizo, tena katika chumba chenye kelele ambamo masikio yake hayanasi kila neno, huondoka na mbili tatu. Maarifa aliyoyakusanya maishani, hata hivyo, hudumu kwa muda mrefu zaidi, na jambo jipya likiungwa nayo hukaa. Bibi wa Kibosho asiye na friji, ukimwambia ahifadhi insulini kivulini, ndani ya chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowanishwa, anaelewa papo hapo, maana anajua jinsi mtungi unavyopoza maji.

Kuelewa pekee hakutoshi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hufaa kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha, kwa wanafunzi wa chuo, kwamba anayejitahidi kukumbuka mwenyewe hushika kwa muda mrefu kuliko anayesoma tena, na faida hiyo imeonekana kwa wazee pia.

Ndiyo maana simrudii mgonjwa maelezo yote. Namkabidhi chupa na bomba la sindano, namwambia, "Mama, hebu nionyeshe tunaanzia wapi," kisha nanyamaza. Pengine ataizungusha chupa viganjani vizuri mpaka dawa ichanganyike, halafu akasita kabla ya kuingiza hewa ndani ya chupa hiyo. Nasubiri, na asipokumbuka namwonyesha hatua hiyo moja tu, kabla hajazoea kukosea. Tunarudia baadaye siku hiyo hiyo, kesho yake, kisha wiki inayofuata. Mtoto wake, ambaye kwa kawaida huona vigumu kuutazama ukimya huo bila kuingilia, namwomba avumilie, na wakifika nyumbani amuulize mzazi hatua inayofuata badala ya kumtajia.