Joto la kompyuta kwenye Linux: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Tabora, Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ndiyo miezi ya feni kulia. Jua kali, vumbi kila mahali, na mezani kwangu zinaletwa kompyuta zinazojizima zenyewe. Mteja akiwa anatumia Linux, neno la kwanza ni lilelile: "Fundi, Linux haionyeshi joto."

Inaonyesha. Vihisi vimo ndani ya prosesa na kwenye ubao mama, na keneli, yaani kiini cha Linux, huvisoma kupitia draiva, programu ndogo za kuzungumza na vifaa: coretemp kwa prosesa nyingi za Intel, k10temp kwa za AMD. Namba zake ziko kwenye folda ya /sys/class/hwmon. Ukikuta 47000 humo usishtuke, joto huandikwa kwa sehemu za elfu. Hiyo ni nyuzi 47. Kinachokosekana mara nyingi ni programu ya kusomea tu. Kwenye Linux za aina ya Ubuntu au Debian, fungua dirisha la amri (terminal), andika sudo apt install lm-sensors, kisha sensors.

"Feni mbona haionekani, imekufa?" Hapana. Kwenye kompyuta ya mezani feni na volti husomwa na chipu nyingine, aghalabu ya kampuni ya Nuvoton au ITE, yenye draiva yake. Endesha sudo sensors-detect ikutafutie. Kila swali bonyeza Enter, upokee jibu linalopendekezwa, usilazimishe mengine. Zamani baadhi ya laptopu za ThinkPad za IBM ziliharibika EEPROM, chipu yao ndogo ya kumbukumbu, kwa upekuzi wa namna hii. Laptopu nyingine hazitoi kasi ya feni kabisa, hata ufanyeje.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba kila namba ni ya kweli. Kijana mmoja alikuja tayari kununua ubao mpya kwa sababu mstari mmoja ulisema nyuzi 127. Nikamwambia aguse: ubao ulikuwa vuguvugu tu. Chipu ina miguu ya vihisi ambayo mtengenezaji wa ubao hakuiunganisha na chochote, nayo husoma 127, au hasi 128, au upuuzi mwingine. Ipe mashine kazi nzito dakika tano: mstari wa kweli utapanda, wa uongo utaganda au kurukaruka. Huo wa uongo ufiche kwa neno ignore katika faili ndani ya /etc/sensors.d, usikutishe tena.

Na nyuzi 80 kwenye kazi nzito si moto. Prosesa nyingi za Intel kikomo chake ni 100 hivi, na zikikikaribia hujipunguzia kasi. Kwa Intel, kikomo cha yako kimeandikwa pembeni ya namba, penye crit.

Ikiwa inafika 80 bila kazi yoyote, fungua. Piga bloa huku umeshika panga za feni zisizunguke, paka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa kama ya zamani imekauka, halafu soma mstari uleule, kwa kazi ileile, saa ileile ya mchana.