SHA na mfuko wa mfanyakazi: yanayosemwa na yalivyo

"SHA imempandishia kila mtu makato." Si kila mtu. SHA ni mamlaka ya bima ya afya ya jamii nchini Kenya. Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, bila kikomo cha juu. Anayelipwa shilingi 20,000 hukatwa 550. Enzi za NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHA, alitoa 750. Wa 100,000 ndiye aliyepanda, kutoka 1,700 hadi 2,750.

"Mama mboga hulipa 300 tu kwa mwezi." Hapa ndipo penye uzito. Hizo 300 ni kiwango cha chini kabisa, na si kila familia hupangiwa hicho. Kama huna mshahara, kwanza unaulizwa maswali: kuta za nyumba ni za nini, paa je, maji mnatoa wapi, mna mifugo? Majibu yako ndiyo yanayopanga mchango. Kisha pesa hutakiwa za mwaka mzima kwa mkupuo, si chini ya 3,600. Mama anayedamka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti, Nairobi, kuchukua sukuma wiki, jioni anatoa nauli, unga na mtaji wa kesho. Hizo 3,600 atazikusanya lini? Ndiyo maana wengi hulipa mgonjwa akiwa ameshalazwa, na jamaa wameshafungua kundi la WhatsApp la mchango. Upo mpango wa kukopeshwa ada hiyo na kuilipa polepole, lakini huo nao ni mkopo, na kwa maoni yangu mtu wa kibarua hakupaswa kukopa ili atibiwe.

"Nimejisajili, basi niko salama." Usajili ni bure, kwa *147#, na unakuwezesha kutibiwa kwenye zahanati na kituo cha afya bila malipo. Kulazwa na upasuaji hugharamiwa na mfuko mwingine, unaotaka mchango uwe umelipwa.

"Hospitali ina haki ya kukuzuia hadi umalize bili." Haina. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua, kwa kukosa pesa, walivunjiwa haki zao. Deni hudaiwa kama madeni mengine, mtu akiwa kwake. Na Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa akifikishwa anavuja damu, nanyi mkaambiwa mtangulize pesa, kitajeni hapo hapo mapokezi.