Maisha ya kiasi kwa Mkristo: mtumba, harusi na bahasha ya ahadi

Wagalatia 5 inapotaja tunda la Roho, neno la mwisho ni "kiasi". Waumini wengi wamelikariri tangu mafundisho ya kipaimara, lakini Dar es Salaam, Moshi au Mbeya limefunikwa na dhana zinazoumiza nyumba za Wakristo, nyingine zikisemwa hata kanisani.

Dhana potofu: Kuishi kwa kiasi ni kukubali umaskini.

Ukweli: Lidia wa Matendo 16 alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, bidhaa ya wenye nacho, na nyumba yake iliwapokea Paulo na wenzake. Mithali 30:8 inaomba, "Usinipe umaskini wala utajiri." Anayetaka kuanza aandike kila shilingi inayotoka kwa siku 30 kabla ya kupunguza chochote. Bando, bodaboda na vitafunwa viingie kwenye daftari, kwa sababu hivyo ndivyo visivyokumbukwa mwisho wa mwezi.

Dhana potofu: Mwenye kiasi hununua cha bei ya chini.

Ukweli: Kiatu chenye soli ya gundi pekee hubanduka haraka kwenye maji na tope. Kilichoshonwa soli huenda kwa fundi na kurudi, hivyo gharama igawanywe kwa miezi ya kuvaliwa. Kwenye mtumba, geuza nguo ndani nje, inua makalio ya suruali kwenye mwanga uone palipolika, kagua kwapa na kola, vuta zipu mara tatu. Doa la jasho la zamani halitoki kirahisi, ila kifungo kilichopotea ni kazi ya dakika tano.

Dhana potofu: Harusi isiyo na ukumbi ni nusu harusi.

Ukweli: Hapa ndipo penye maumivu makubwa. Wapo wanaoishi pamoja miaka mingi, wana watoto, wametengwa na Meza ya Bwana, na sababu yao ni kwamba fedha ya sherehe haijapatikana. Lakini Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21, hiari ya wawili hao, mfungishaji mwenye mamlaka na angalau mashahidi wawili. Keki haimo. Kanisa nalo linadai mafundisho na matangazo, halidai MC. Mchungaji anayewaona wawili wa namna hiyo awaambie jambo hili waziwazi, maana wengi hawajawahi kulisikia likisemwa.

Wanaotaka kusherehekea wajue gharama inakaa wapi: kwenye idadi ya vichwa. Sahani ikiwa Sh 20,000, watu 300 ni Sh 6,000,000, watu 60 ni Sh 1,200,000, na kila kichwa huja na kiti, kinywaji na kadi yake. Kupunguza maua huku orodha ikibaki ileile hakuokoi kitu cha maana. Pilau ya watu 60 kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada huhitaji takriban kilo 10 za mchele na kilo 8 hadi 10 za nyama.

Kinachoharibu bajeti ni ahadi. Kamati huhesabu michango iliyoandikwa kana kwamba imelipwa, inasaini mkataba wa ukumbi, kisha sehemu ya ahadi haiji na pengo linabaki kwa maharusi, ambao huanza ndoa wakidaiwa. Kamati isaini kwa fedha iliyokwisha kuingia tu, na orodha ya wageni ifungwe mwezi mmoja kabla. Ndugu hukasirika wasipoambiwa mapema, kwa hiyo litamkwe kwenye kikao cha kwanza kabisa: ibada ni ya wote, chakula ni cha watu wa karibu. Sare nayo iwe hiari, kwa kuwa shangazi anayenunua kitenge na kulipa mshono kwa harusi tatu mwaka mmoja anaweza kuwa ameacha ada ya mtoto.

Dhana potofu: Kukopa ili kutimiza ahadi ya jengo ni tendo la imani.

Ukweli: Paulo aliwaandikia Wakorintho, akiwahimiza kuchanga, kwamba nia ikiwapo hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12). Tazama hesabu. Mkopo wa Sh 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ukilipia riba tu na kuuhuisha, unakula Sh 120,000 kwa mwaka na bado unadaiwa ile laki moja. Mikopo ya marejesho ya kila siku, ambayo watu wameiita kausha damu, hudanganya zaidi. Ukichukua laki moja na kurudisha Sh 4,000 kwa siku 30, utaambiwa riba ni asilimia 20. Lakini fedha inaanza kurudi kesho yake, hivyo kwa wastani umekaa na nusu yake tu, na Sh 20,000 ni karibu asilimia 40 ya fedha uliyoitumia kweli. Biashara ndogo ya mboga au chapati haibebi mzigo huo.

Anayeona ahadi imemzidi asingoje Jumapili ya mwisho. Amwendee mzee wa kanisa wa mtaa wake, aseme kipato kilivyobadilika, aombe ahadi ya miezi sita isambazwe miezi kumi na miwili au ipunguzwe. Mzee asimtangaze. Kwenye bahasha huandikwa kilichomo, na salio la ahadi halizai riba.