Data za hospitali kwenye stori za uchunguzi: tunayoyaamini na ukweli wenyewe

"Data za afya ni siri, ukizigusa tu umekwisha."

Hapana. Siri ni za mgonjwa, yaani faili lake, majibu ya vipimo, jina. Takwimu za jumla ni ishu nyingine kabisa, ripoti za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) zinatoka kila mwaka na utafiti wa afya wa 2022 unaupakua bure. Ambacho hakijawekwa wazi unakiomba, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ya hapa Tanzania inazipa ofisi za umma siku 30 za kukujibu. Andika barua, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, bila muhuri watasema hawajakuona.

"Hospitali yenye vifo vingi ndo mbovu."

Hapa ndo tunaonea watu jamani. Mama kaanza uchungu Mbagala, kituo kimeshindwa, kapewa rufaa usiku, ambulensi imechelewa, anafika hospitali ya taifa Muhimbili hoi, akifariki kifo kinaandikwa Muhimbili na kule alikoanzia karatasi inabaki safi kabisa! Kwahiyo kabla hujaandika kichwa cha habari uliza wangapi walikuja kwa rufaa, walitoka wapi, walifika saa ngapi, na walijifungua wangapi kwa jumla, maana vifo 10 kwenye wazazi 500 na vifo 10 kwenye wazazi 10,000 sio kitu kimoja hata kidogo.

Na sifuri kwenye ripoti nayo usiiamini haraka. Vituo vingi bado vinaanzia kwenye vitabu vya MTUHA (rejista za wagonjwa na huduma), nesi anajaza kwa mkono, mwisho wa mwezi wanajumlisha ndo inaingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Nesi akiwa peke yake zamu ya usiku na wodi imejaa, atamhudumia mgonjwa kwanza (na ndivyo inavyotakiwa), kitabu kitasubiri. Hivyo sifuri inaweza kuwa hakuna aliyeugua, au hakuna aliyejaza.

"Nimefuta jina, mgonjwa yuko salama."

Hili linaniumiza kuliko yote. Marekani miaka ya 90 Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi, alizipata rekodi za matibabu za gavana wa Massachusetts, William Weld, kwenye data zisizo na majina, alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta akalinganisha na daftari la wapiga kura. Huku kwetu hata daftari halihitajiki, andika "mwanamke wa miaka 34, Tandale, kajifungua mapacha watatu, ana VVU" uone kama mtaa mzima hautamjua kabla ya jioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye taarifa nyeti. Taja wilaya usitaje mtaa, weka umri wa makadirio, na kama waliopo kwenye kundi ni wawili watatu acha kabisa kuwaandika.

"Data ikishasema, stori imeisha."

Bado. Leja (daftari la stoo ya dawa) inaweza kusema dawa ipo huku dirisha la dawa mgonjwa anaambiwa akanunue nje, kwahiyo nenda ukakae pale, ongea na wagonjwa, ongea na mfamasia, halafu mganga mfawidhi (msimamizi wa hospitali au kituo) mpelekee namba zako azione na ajibu kabla hujachapisha.