Uzi wa kushonea kidonda ukiyeyuka huenda wapi?

Nimejifungua nikaongezewa njia. Muuguzi kasema nisirudi kutolewa nyuzi, zitayeyuka zenyewe. Kivipi?

"Kuyeyuka" ni neno la kurahisisha tu. Haziyeyuki kama sukari kwenye chai. Uzi huo ni polima, yaani molekuli ndefu kama shanga zilizotungwa. Shanga zenyewe, kwa nyuzi nyingi za siku hizi, ni asidi ya glikoliki na asidi ya laktiki. Maji yaliyomo ndani ya mwili huzitenganisha taratibu. Asidi ya laktiki mwili unaifahamu: misuli huitoa ukipanda ngazi mbio. Mwishowe hugeuka maji na ile hewa ya kaboni tunayoitoa kwa kupumua. Kabla ya nyuzi hizi kuingia miaka ya 1970, watu walishonwa kwa uzi wa utumbo wa kondoo au ng'ombe!

Ukikatika kabla sijapona?

Uzi huanza kuisha nguvu, ndipo unatoweka. Aina moja inayotumika sana hubaki na takriban nusu ya nguvu yake wiki ya tatu, lakini hutoweka kabisa baada ya siku 56 hadi 70. Ipo ya haraka zaidi: huisha nguvu ndani ya wiki mbili, ikatoweka kwa siku 42 hivi. Kufikia hapo nyama imeshajishika.

Nimeona kipande cha uzi kwenye pedi.

Ni kawaida, hasa kwa fundo lililokuwa nje. Usiuvute uliobaki. Kinachotakiwa kukurudisha hospitali leo hii ni homa, usaha, harufu mbaya, maumivu yanayozidi au mshono kuachia.

Mama mkwe anataka kunikanda kwa maji ya moto, eti nyuzi ziishe haraka.

Mshukuru, ila mshono asiuguse. Maji yanayofanya kazi yako ndani yako tayari. Hayo ya sufuriani yatakuunguza tu. Oga, safisha kwa maji safi, kausha kwa kugusagusa, usisugue.

Na kijiti cha uzazi wa mpango nacho kitayeyuka?

Hapana, na hapa wengi hukosea. Plastiki yake si ya kuvunjwa na mwili: dawa hutoka kidogo kidogo, kijiti kinabaki mkononi. Muda ulioandikwa kwenye kadi ukifika, rudi kitolewe na mtaalamu.