Mizani si usawa: neno linaloonewa kwenye mieleka ya kadi na dadu

"Mchezo huu hauna mizani, jitu lilelile linashinda kila wiki." Panapochezwa mieleka ya mezani, ile ya kadi na dadu ambapo kila kadi ni mwanamieleka na dadu huamua pambano, hii haikosi kusemwa, na mara nyingi kilichokosewa ni neno, mchezo wenyewe uko sawasawa.

Maana kwanza, kwa haraka. Mizani ya nguvu katika mchezo wa aina hii ni hali ya kila kadi kushinda kwa kiasi kilichokusudiwa. Basi. Mtengenezaji akitaka jitu limshinde mwanamieleka dhaifu mara 8 kati ya 10, na kadi zikatoa 8, mizani imesimama. Zikitoa 5, mizani imeharibika, hata kama wachezaji wote wawili wameondoka mezani wakicheka.

Sasa neno lenyewe. Mizani tumelipata kwa Waarabu, na kwao mzizi wake ni kupima uzito; ndiko lilikotoka pia neno uzani. Ni chombo: sahani mbili, jiwe la kilo upande mmoja, sukari upande wa pili. Surat Ar-Rahman, aya ya 9, inaamrisha watu wapime kwa haki wala wasipunguze katika mizani. Anayekemewa hapo ni muuzaji anayeiba robo kilo. Hakuna aliyeambiwa kwamba gunia la mchele na gunia la pamba lazima yawe na uzito mmoja. Hata leo, lori likipanda kwenye mizani ya barabara kuu, kazi ya mizani ni kusema lina tani ngapi. Haliteremki pale likiwa limelingana na bajaji.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye ushairi wetu. Kila aliyesoma Kiswahili sekondari amekaririshwa "urari wa vina na mizani". Mizani pale ni idadi ya silabi katika mshororo, kwa kawaida 16, nane kila kipande. Urari ni ile hali ya mishororo kuwa na idadi inayolingana. Kama mizani ingekuwa tayari ina maana ya kulingana, kusema "urari wa mizani" kungekuwa kurudia neno bure. Wahenga wa ushairi walitenganisha: mizani ni kipimo, urari ni kulingana kwa vipimo. Sisi wa kadi na dadu tumevichanganya, kisha tunalaumu kadi.

Kwa hiyo maneno ni mawili kwa mambo mawili. Ukitaka kila mwanamieleka awe na nafasi moja ya kushinda, unachotafuta ni urari, au usawa ukipenda. Ukitaka nguvu iliyo kwenye kadi iwe kweli ndiyo inayotoka kwenye dadu, hiyo ndiyo mizani. Mchezo unaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Ipo michezo iliyochagua urari waziwazi. The Supershow ni mfano: kila mwanamieleka ana sifa sita, na thamani zake ni 5, 6, 7, 8, 9 na 10, kila moja mara moja tu. Tofauti ni mpangilio, yaani nani ana 10 kwenye nguvu na nani ana 10 kwenye wepesi. Jumla ni 45 kwa kila mmoja, kama mshororo wa mizani 16. Wawili wakirusha dadu kugombea zamu, kila mmoja ana nafasi 5 kati ya 12, na sare inachukua zilizobaki; upekee wa mtu unaanzia kwenye uwezo wake maalumu na karata zake. Ni shairi la kimapokeo hasa.

Upande wa pili ipo michezo ya kuigiza ulimwengu mzima wa mieleka, na hapo urari ungekuwa kichekesho. Champions of the Galaxy ya Tom Filsinger, iliyotoka Marekani mwaka 1986, ina mabingwa na ina watu wa kupigwa, kwa sababu mieleka yenyewe iko hivyo. Mwanamieleka André the Giant alitangazwa ulingoni kuwa na futi 7 na inchi 4. Mpinzani wake Hulk Hogan alipomnyanyua na kumbwaga tarehe 29 Machi 1987 kule Pontiac, Michigan, ulimwengu ulishtuka kwa sababu ilikuwa ikitangazwa kwamba jitu lile halibwagwi. Kadi ya André inayoshindwa nusu ya mapambano yake ina urari safi, na mizani mbovu kabisa. Lakini isiwe pia kadi isiyoshindika: tarehe 17 Mei 1993, kijana mwembamba aliyekuwa hajulikani, The Kid, alimshinda nyota Razor Ramon kwenye Monday Night Raw, kipindi cha mieleka cha runinga. Kadi zisizoweza kutoa usiku wa namna ile hata mara moja katika mia nazo zinapima vibaya.

Nguvu hupimwaje, basi? Tuchukue kadi ya mfano, iliyorahisishwa makusudi ili hesabu isiturefukie. Anayeshambuliwa hurusha dadu moja kwenye ulinzi wake. Ulinzi huo una safu mbili, kila moja na mistari sita, mmoja kwa kila upande wa dadu. Safu ya kwanza: katika mistari 3 kibao kinageuka na yeye anakuwa mshambuliaji, katika mistari 3 anaporomoka hadi safu ya mwisho. Safu ya mwisho: mstari 1 kibao kinageuka, mistari 2 mabega yanabanwa chini, mistari 3 anaendelea kupigwa na kurusha tena palepale. Mabega yakibanwa, dadu moja zaidi: 1 hadi 3 ameshindwa, 4 hadi 6 amechomoka na zamu ni yake.

Kila mara mtu anapoanza kushambulia, nafasi ya kumaliza pambano ni nusu (kumfikisha mpinzani safu ya mwisho) mara theluthi mbili (kubana kabla kibao hakijageuka) mara nusu (mwamuzi kufika hesabu ya tatu kabla aliyebanwa hajachomoka). Hiyo ni moja ya sita. Kadi mbili za hivi, anayeanza akiamuliwa kwa kurusha shilingi, zitagawana ushindi 50 kwa 50.

Sasa mpe mmoja "alama moja ya ulinzi", kama wengi wanavyosema, yaani mstari mmoja zaidi wa kugeuza kibao. Ukiuweka safu ya mwisho mahali pa mstari wa "endelea kupigwa", nafasi ya mpinzani inashuka hadi moja ya nane, na kadi yako inashinda takriban asilimia 58. Ukiuweka safu ya kwanza, asilimia 61. Ukiuweka safu ya mwisho lakini ukafuta mstari wa kubanwa mabega badala ya ule wa kuendelea, asilimia 68. Mstari ni mmoja, jina ni moja, uzani ni tatu tofauti.

Hapa ndipo kadi nyingi za kutengeneza nyumbani zinapoharibikia. Mtu anajumlisha alama: nguvu 7, wepesi 5, ulinzi 6, jumla 18, mwenzake naye 18, "tumesawazisha". Amejumlisha sukari na mita za kitambaa. Alama haina uzani wake yenyewe. Uzani unatokana na mahali ilipokaa na kile ilichokifukuza. Na watu hudhani safu ya mwisho ndiyo yenye thamani zaidi kwa kuwa ndiko pambano linakoishia. Mfano wetu unaonyesha kwamba mlango wa kuingilia unaweza kuwa mzito kuliko chumba cha ndani, kwa sababu kila shambulio lazima lipite hapo.

Tazama pia nguvu inavyorundikana. Mstari mmoja wa kugeuza safu ya kwanza, pamoja na ule mmoja wa safu ya mwisho uliofuta kubanwa, unaifikisha kadi kwenye asilimia 76. Mistari miwili tu ya wino, na kadi ya kawaida imekuwa jitu. Ndiyo maana anayetaka kuongeza makali aongeze mstari mmoja, apime, kisha ndipo afikirie wa pili.

Kupima nako kuna adabu yake. Kosa la kwanza ni kuamini mapambano machache. Kadi mbili zinazolingana kabisa, zikipigana mara 20, zitatoa 13 kwa 7 au tofauti kubwa zaidi, kwa upande mmoja au mwingine, karibu mara moja katika kila nne. Hiyo "13 kwa 7" ndiyo hubebwa kama ushahidi kwamba mchezo hauna mizani! Kwa mapambano 100, kuyumba kwa kawaida ni kama asilimia 5 juu au chini. Kwa 400, asilimia 2.5. Tofauti ya 58 na 50 huitambui kwa mapambano 20, na kwa 100 bado una shaka. Mwenye kompyuta aandike programu fupi irushe dadu mara elfu kumi. Asiye nayo akokotoe kama tulivyofanya hapo juu. Kalamu na nusu karatasi zinatosha.

Kosa la pili ni kupima kila kadi dhidi ya kadi iliyo karibu. Duka halipimi sukari kwa unga. Tengeneza kadi ya wastani kabisa, isiyo na jina wala pigo la kumalizia, iwe ndiyo jiwe lako la kilo, na kila mwanamieleka mpya apigane na jiwe hilo kwanza. Hapo ukisema "huyu ni wa 70", kila mtu anajua ni 70 dhidi ya nini. Kama mchezo wako una sifa zinazokutana ana kwa ana, mfano wepesi wa mmoja ukilinganishwa na nguvu za mwingine, jiwe moja halitoshi: weka moja zito na moja jepesi, maana A atamshinda B, B amshinde C, na C huyohuyo amgeuzie A kibao.

Mawe hayo yakihifadhiwa yatakuonyesha pia ule ugonjwa wa kadi mpya. Kila toleo jipya linataka kupendwa, basi linaongezewa makali kidogo, na baada ya matoleo matano bingwa wa zamani anapigwa na mtu wa kubeba mikoba. Ni mfumuko wa nguvu, ndugu wa mfumuko wa bei. Mtu akilinganisha kadi mpya kwa mpya hauoni, kwa sababu zote zimepanda pamoja.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayelalamika kwamba André anashinda mara 8 kati ya 10 na kwa sababu hiyo mchezo hauna mizani: inayo, tena imesoma sawasawa. Unachokikosa ni urari, na kuutaka si kosa hata kidogo. Kuna jioni ambazo watu wawili wanataka kushindana wao, si kuangalia jitu likifanya kazi yake. Ila uombe kwa jina lake. Ukisema "urari", mwenzako atajua akuchagulie mpinzani wa uzani wako. Ukisema "mizani", ataichukua kalamu na kuanza kumfutia André mistari.