Kiunzi cha mfupa kinachoprintiwa: maswali na majibu

Swali: Nasikia siku hizi mfupa unaprintiwa kwenye mashine alafu anawekewa mtu, ni kweli?

Jibu: Nusu yake kweli. Kinachoprintiwa sio mfupa, ni kiunzi. Si umeona mafundi wanavyofunga jukwaa pembeni ya jengo, wanapanda, wanajenga, ukuta ukisimama jukwaa linaondolewa? Ndo hivohivo, kiunzi kinawekwa kwenye pengo, seli zako zinapanda humo zinajenga mfupa mpya, yaani fundi ni mwili wako mwenyewe, printa imeleta jukwaa tu. Nakazia hapa kwa sababu mtu akiamini kapewa mfupa uliokamilika atataka kuukanyagia mapema, na hapo ndo anaumia.

Swali: Lakini mfupa ukivunjika si unaunga wenyewe?

Jibu: Unaunga, tena vizuri mno. Shida ni pengo. Ncha zikikaribiana, plasta au vyuma vinatosha, ila kama kipande kizima kimepotea, labda ajali imekisaga au daktari amekata uvimbe wa kansa au usaha umekula mfupa, ncha zinabaki mbali na mwili unashindwa kuvuka, katikati panajaa kovu badala ya mfupa. Njia iliyozoeleka ni kuchota mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kwenye nyonga, na mpaka leo mbinu zingine zote zinapimwa kwa hiyo, maana una seli hai na mwili hauukatai. Ila ndo unapasuliwa sehemu mbili, nyonga inaweza kuuma muda mrefu, alafu mfupa wa kuchota una kikomo.

Swali: Printa inakitengenezaje?

Jibu: Wanaanza na picha za siti-skani, programu inaziunganisha mpaka umbo la pengo linaonekana lote kwenye kompyuta. Kama taya ya upande mmoja ni nzima wanaweza kuigeuza kama kwenye kioo ili wapate umbo la upande ulioharibika. Baada ya hapo printa inajenga tabaka juu ya tabaka. Kuna plastiki inaitwa polikaprolaktoni, inayeyuka kwenye nyuzi joto 60 hivi, inatoka kwenye kamdomo kembamba kama uzi, uzi unalazwa, tabaka la juu yake linalazwa kukatisha lile la chini, ukikishika na kukitazama kwa karibu unaona wavu juu ya wavu. Zingine ni kauri za kalsiamu na fosfati, jamii ya madini yaleyale yaliyomo kwenye mfupa, hizi zikishaprintiwa zinachomwa kwenye tanuri zaidi ya nyuzi 1,000 ili zishikane. Seli zinaipenda kauri ila inakatika kama kigae, plastiki haikatiki ovyo lakini haina cha kuvutia seli, kwa hiyo mara nyingi wanazichanganya.

Swali: Mbona matundu mengi hivo, si kingekuwa imara zaidi kama kingejaa?

Jibu: Kingekuwa imara na kisingefaa kitu! Matundu ndo kazi yenyewe. Seli ikikaa mbali na kamshipa ka damu, hata milimita 0.2 tu, inaanza kukosa oksijeni, kwa hiyo lazima mishipa iingie mpaka katikati, la sivyo mfupa unaota pembeni na ndani panabaki patupu. Matundu mengi yanatengenezwa ya kama milimita 0.3 mpaka 0.5, na haitoshi yawepo, lazima yafunguane, tundu lililoziba upande wa pili ni chumba kisicho na mlango. Na kila ukiongeza matundu nguvu inapungua, hapo ndo wataalamu wanapoumiza kichwa.

Swali: Kinabaki mwilini milele?

Jibu: Inategemea. Polikaprolaktoni inaisha taratibu, miaka 2 au zaidi, baadhi ya kauri zinatafunwa na seli zilezile zinazotafuna mfupa mzee. Kikiisha mapema kabla mfupa haujakomaa, pengo linarudi. Kuna pia viunzi vya titaniamu, aina ya chuma, yenyewe haiyeyuki, na ni ngumu kuliko mfupa, ikibeba mzigo wote mfupa wa jirani unakosa kazi unakonda, ndo sababu mojawapo ya kuiprinti ikiwa na matundu.

Swali: Watu wanawekewa tayari?

Jibu: Ndiyo, hasa kwenye fuvu, taya na kuzunguka jicho. Mapengo makubwa ya mguu ni kazi nzito zaidi kwa sababu ya uzito, huko vyuma bado vinahitajika kushikilia wakati mfupa unaota. Kuprinti na seli hai humohumo, hiyo bado iko kwenye utafiti.

Swali: Daktari akinipendekezea, nimuulize nini?

Jibu: Muulize kimetengenezwa na nini, kitaisha au kitabaki, na uzito utaanza kuuweka lini. Muulize pia kama kimeidhinishwa kwa tatizo lako au ni majaribio, maana kama ni majaribio una haki ya kuelezwa kila kitu na ya kukataa bila kunyimwa matibabu mengine. Wewe na wewe usimfiche, mwambie kama unavuta sigara au una kisukari, vyote vinaharibu mishipa midogo ya damu, na bila damu hakuna seli itakayopanda kwenye hicho kiunzi. Na ukisharudi nyumbani, kidonda kikianza kuvuja, kuwa chekundu au ukapata homa, usisubiri tarehe ya kliniki, rudi siku hiyohiyo, wadudu wakishajificha ndani ya yale matundu kuwatoa ni kazi sana, wakati mwingine inabidi kiunzi chote kitolewe.